Teremsheni Dirisha: Barua ya Wazi kwa Baraza la Famasi na Watoa Dawa

Waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Famasi Tanzania, walimu wa vyuo vya famasi, na ninyi wanangu mnaoketi nyuma ya dirisha la dawa,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mkazi wa Tanga. Sikusomea dawa. Ninachokijua nimekijulia upande wa pili wa kioo, kwa miaka sita niliyomshika mkono mama yangu mzazi kila tunapokwenda kuchukua vidonge vyake vya sukari na presha. Nawaandikia ninyi kwa sababu Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 imeuweka usimamizi wa taaluma hii mikononi mwa Baraza, na ninalotaka kulisema halimhusu mtoa dawa mmoja mwenye ulimi mkali. Linahusu namna kazi yenyewe ilivyopangwa.

Nianze na dirisha. Katika hospitali nyingi nilizoingia, dawa hutolewa kupitia tundu lililokatwa chini ya kioo au katikati ya nondo. Tundu hilo lina kimo cha mtoaji aliyekaa kwenye kiti chake, si cha mpokeaji aliyesimama. Mama yangu ana miaka sabini na minane na mgongo wake umeshapinda, lakini akifika pale huinama zaidi ili sikio lake lilifikie tundu. Maneno anayoambiwa humpita juu ya kichwa. Anayeyasikia vizuri ni mtu aliye nyuma yake kwenye foleni.

Alipogundulika ana sukari alipewa metformini. Maelezo aliyopata nayakumbuka yote kwa kuwa yalikuwa machache: "Moja asubuhi, moja jioni. Anayefuata!" Mama hushika neno kama lilivyosemwa. Asubuhi kwake huanza baada ya swala ya alfajiri, kabla hata chai haijatengwa. Basi akawa anameza kidonge tumbo likiwa tupu. Haikupita wiki akaanza kuendesha. Akaacha kwenda misibani, akaacha kukaa na wenzake barazani, kwa kuogopa kuaibika kwenye choo cha watu. Mwisho akaacha vidonge. Hakumwambia mtu. Alikuwa akivichukua kila mwezi kama kawaida na kuvimimina ndani ya kopo la maziwa ya unga lililokuwa uvunguni mwa kitanda.

Tuliporudi kliniki sukari ilikuwa juu. Daktari akaona dawa moja haitoshi, akaongeza ya pili, glibenklamaidi. Pale dirishani kijana aliyekuwa zamu akasoma cheti, akatikisa kichwa na kusema kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa foleni: "Bibi, wewe ni mkaidi. Humezi dawa. Unataka kufa?" Mama akajibu, "Nameza, mwanangu." Ulikuwa uongo, na mimi niliyekuwa nimesimama kando yake sikujua. Lakini ninyi mnataka mwanamke wa umri ule aseme nini? Ainame kwenye tundu, mbele ya watu arobaini, amweleze kijana wa umri wa mjukuu wake kwamba tumbo halimkai?

Kwa aibu ile akarudi nyumbani akaanza kumeza dawa zote mbili, barabara, bila kuruka hata siku moja. Kisha Ramadhani ikaingia. Alikuwa akila daku kidogo sana, anameza vidonge vyake, ananuia. Siku ya nne, kwenye saa tisa alasiri, tulimkuta sakafuni ametota jasho, anatetemeka, maneno yanamtoka ovyo. Tulidhani ni kiharusi. Ilikuwa sukari imeshuka mno, jambo ambalo glibenklamaidi inaweza kulifanya kwa yeyote asiyekula, na wazee hasa. Aliyempokea hospitalini siku ile alituuliza swali moja alipokuwa akimtafuta mshipa: "Anafunga?" Ilikuwa mara ya kwanza katika safari yote hiyo mtu kuuliza.

Sisemi kosa lilikuwa la dirisha peke yake. Daktari naye alipaswa kuuliza, na mimi binti yake nilipaswa kulifungua lile kopo mapema. Ila mfamasia au mtoa dawa ndiye mtu wa mwisho kuonana na mgonjwa kabla hajabaki peke yake na kidonge chake. Baada yake hakuna mwingine wa kurekebisha.

Wataalamu wana neno lao la Kiingereza, empathy, kwa kitu ninachokidai. Sisi wa pwani tuna letu: kumwonea mtu imani. Imani hiyo si ya dini. Mtoto akimtesa paka, bibi yake humkaripia, "Huna imani wewe!" Anamaanisha kwamba moyo wake haujafika kwa yule paka, haujui maumivu yanakaa wapi. Naipenda tafsiri hii kuliko neno huruma. Huruma huweza kumshukia mtu kutoka juu, kama sadaka, na aliyepewa akabaki mdogo. Imani humlazimisha aliye nayo kutaka kujua habari za mwenzake. Na huwezi kujua habari za mtu bila kumwuliza.

Hapa ndipo methali moja yetu inapotumika vibaya. Tunasema mgonjwa haulizwi uji, tukimaanisha asingojwe aseme anautaka, apikiwe tu. Ni maneno ya upendo. Lakini katika dirisha la dawa tumechukua nusu yake ya kutomwuliza, tukauacha uji.

Kwa kuwa maisha yangu yote nimefundisha lugha, niruhusuni nikae kidogo kwenye maneno yaliyoandikwa kwenye bahasha zenu. "Kutwa mara tatu." Nani alilichagua neno hili? Kutwa ni mchana, tangu jua linapochomoza hadi linapokuchwa. Ndiyo maana tunasema usiku kucha na mchana kutwa. Mtu anayekijua Kiswahili vizuri, akiisoma bahasha hiyo, ana haki ya kumeza asubuhi, adhuhuri na alasiri, kisha akalala hadi kesho yake bila dawa mwilini. Amefuata maandishi. Aliyeandika alikuwa na maana nyingine kichwani. Bahasha nyingine hata neno hazina, ni tarakimu tupu: 1×3, 2×2. Nimeona mama mmoja akizihesabu kama hesabu ya kuzidisha, moja mara tatu, akapata vidonge vitatu vya kumeza kwa pamoja.

Na saa je? Jirani yangu aliambiwa ampe mwanawe amoksilini "kila saa nane". Akatega simu yake ilie saa nane mchana na saa nane usiku. Mtoto akapata dozi mbili badala ya tatu kwa siku, tena mama akiamka usiku wa manane kwa uaminifu mkubwa. Alikuwa ameelewa Kiswahili sawasawa. Aliyemwelekeza angesema tu, "Mpe saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, na saa nne usiku, hata kama amelala mwamshe," jambo lingekwisha. Ni sentensi moja. Inachukua muda uleule wa kumpigia kelele anayefuata.

Dawa mseto ya malaria nayo ni mfano ninaourudia kila ninapopata nafasi. Mtu mzima hupewa vidonge ishirini na vinne: vinne kwa wakati mmoja, mara mbili kwa siku, siku tatu, na dozi ya pili ikifuata saa nane baada ya ile ya kwanza. Huingia mwilini vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Siku ya pili homa huwa imeshuka. Basi vidonge vinavyobaki hufungwa kwenye kitambaa na kuwekwa kabatini, kwa ajili ya mtoto atakayeugua mwezi ujao. Mtoa dawa akijua hivyo huuita ujinga. Mimi nauita umaskini unaojitahidi kupanga mambo yake. Mtu anayeweka dawa akiba hajaipuuza, ameithamini. Anayelijua hilo atamwambia maneno tofauti: "Najua kesho utajisikia mzima na utatamani kuiweka. Ukiiweka, malaria hii itarudi, na nusu ile uliyomwekea mtoto haitamtosha." Maneno hayo yanamkuta mtu pale alipo.

Yako mengine madogo ambayo huharibu matibabu makubwa. Rifampisini anayopewa mgonjwa wa kifua kikuu hugeuza mkojo kuwa na rangi ya machungwa, hata jasho na machozi. Asiyeambiwa huona damu. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito hufanya choo kuwa cheusi, na mjamzito asiyeambiwa hudhani mimba inaharibika. Wote wawili wataacha dawa, nao wataitwa wakaidi. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, wastani wa nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu ndio hufuata matibabu yao. Siamini kwamba nusu ya binadamu ni wakaidi.

Kuna suala la fedha, nalo ni zito. Cheti kina dawa tano, hospitali inayo mbili, na tatu "kanunue nje". Mtu anafika duka la dawa ameshika noti zake mkononi na anajua hazitoshi. Swali lililo moyoni mwake ni hili: katika hizi, ipi siwezi kuiacha? Haliulizi, kwa sababu kuliuliza ni kukiri mbele ya watu kwamba hana. Badala yake anasema, "Nipe za elfu mbili." Na muuzaji anakata, kidogo huku na kidogo kule, antibayotiki siku mbili, dawa ya maumivu siku tatu. Tunalia kila mwaka kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Sehemu ya usugu huo hukatwa kwa mkasi pale kaunta, kwa sababu hakuna aliyemvuta mtu yule pembeni akamwambia, "Kaka, kama huna ya kutosha leo, nunua hii moja yote. Hii nyingine ni ya kutuliza tu, unaweza kuisubirisha." Na kama ipo ileile ya bei nafuu iliyotengenezwa na kiwanda kingine, aambiwe kabla hajauliza.

Aibu nayo ni ugonjwa wa pili unaokuja na kila mgonjwa. Binti anaingia dukani, anazunguka rafu ya sabuni mara tatu akisubiri watu wapungue, kisha ananong'ona, "Mna P2?" Anajibiwa kwa sauti ya mnadani: "P2 ya nani, wewe?" Dawa hiyo ya dharura ya kuzuia mimba inahesabu saa, jinsi inavyochelewa ndivyo nguvu yake inavyopungua, na zikipita saa sabini na mbili huwa imepoteza sehemu kubwa. Binti aliyefukuzwa na sauti ile saa kumi jioni hatarudi kesho asubuhi. Yako pia ya wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU, ambao hukwangua lebo ya kopo kabla hawajafika nyumbani na kusokomeza pamba ndani yake ili vidonge visicheze wakiwa kwenye daladala. Mtu anayebeba dawa yake kama mwizi anahitaji nini kutoka kwenu zaidi ya sauti ya chini?

Wanangu, najua upande wenu. Nimewaona. Mtoa dawa mmoja, foleni ya watu mia na zaidi tangu asubuhi, fomu za bima zinazotaka kujazwa, simu ya wodini inalia, na dawa aliyoiandika daktari haijafika kutoka Bohari ya Dawa. Anayetukanwa dawa inapokosekana ni ninyi, si aliyechelewa kuagiza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na ya dirisha mnaijua ninyi. Ndiyo maana barua hii nimeitanguliza kwa Baraza na kwa walimu. Mtu aliyechoka hawezi kuamriwa awe na imani. Awekewe kwanza mazingira ambayo imani yake inaweza kufanya kazi.

Tena inawezekana, kwa kuwa nchi hii imeshafanya jambo kama hilo. Mwaka 2003 mkoani Ruvuma yalianza maduka ya dawa muhimu, kuchukua nafasi ya yale tuliyoyaita maduka ya dawa baridi, ambako mara nyingi aliyekuwa kaunta hakuwa na mafunzo yoyote. Wauzaji wakafundishwa, maduka yakasajiliwa na kukaguliwa, na mpango ukaenea Tanzania Bara. Kaunta ilibadilika kwa sababu mamlaka iliamua ibadilike.

Na ni katika duka la namna hiyo ndipo mama yangu alipopona, kama naweza kulitumia neno hilo. Baada ya kutoka wodini alirudishiwa metformini peke yake, na tumbo likaanza tena. Akanituma, kisha akabadili mawazo akaja naye, kununua dawa ya kuzuia kuharisha. Nyuma ya kaunta alikuwepo binti mdogo. Alisimama. Akasema, "Shikamoo bibi," akasubiri marahaba yake. Kisha hakuligusa kabati. Akavuta stuli, akamkalisha mama, naye akaegemea kaunta hadi nyuso zao zikawa kimo kimoja. "Tumbo limeanza lini, bibi? Kuna dawa nyingine unatumia nyumbani? Unaimeza kabla ya kula au baada?"

Mama akaongea. Akaongea mambo ambayo mimi, binti yake, nilikuwa siyajui: vidonge vya alfajiri na kopo la uvunguni; na mengine niliyoyaona: kijana aliyemwita mkaidi, na Ramadhani. Binti yule hakushangaa na hakumlaumu. Akamwambia, "Dawa hiyo huwafanyia hivyo wengi, bibi, si wewe peke yako. Imeze ukiwa katikati ya kula, si kabla. Na usiiache, nenda kwa daktari umweleze haya uliyonieleza mimi, anaweza kukuanzishia kidogo kidogo." Akaliandika hilo kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kisha akasema, "Sasa hebu nieleze mimi, kesho asubuhi utafanyaje?" Mama akamweleza, kama mwanafunzi wangu aliyeelewa somo. Tukatoka na pakiti mbili za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, bei ya chini kabisa dukani mle. Yote yalichukua kama dakika saba. Huu ni mwaka wa tatu, mama anameza dawa yake, na kila Shaabani humwuliza daktari habari za mfungo kabla hajaulizwa.

Sijui binti yule alifundishwa hayo au alizaliwa nayo. Ninachojua ni kwamba kila alichokifanya kinaweza kufundishwa. Kusimama kunafundishika. Kuuliza swali lisilojibiwa kwa ndiyo au hapana kunafundishika, na kumwomba mgonjwa arudie alichoelewa vilevile. Mwaka 1990 Wamarekani wawili, Charles Hepler na Linda Strand, waliandika kwamba wajibu wa mfamasia ni matokeo ya dawa katika maisha ya mgonjwa, na kwamba hauishii kwenye kukabidhi kidonge. Walimu mnalifahamu andiko lile kuliko mimi. Basi litungieni mtihani. Mwanafunzi anayejua namna metformini inavyofanya kazi kwenye ini, lakini hawezi kumfanya bibi wa miaka sabini na minane akiri kwamba anaendesha, asifaulu mpaka aweze. Mumkalishie mbele mzee asiyesikia vizuri, binti mwenye aibu, baba mwenye noti mbili mkononi, na mumpe alama kwa alichokijua baada ya mazungumzo, siyo kwa alichokisema yeye.

Kwa Baraza: mkaguzi wenu anapokuja huangalia leseni, joto la jokofu, tarehe za kwisha kwa dawa. Aendelee. Ila kabla hajaingia ndani, asimame kwanza kwenye foleni. Ainame kwenye tundu. Asikilize kama anaweza kuongea habari za mwili wake bila wa nyuma kusikia. Pale isipowezekana, iandikwe kuwa kasoro, kama inavyoandikwa dawa iliyokwisha muda wake. Kioo kishushwe au kiondolewe, iwekwe kona yenye viti viwili. Lebo ziandikwe kwa Kiswahili kinachotaja saa za siku na chakula, na "kutwa" iondoke kwenye bahasha. Na pale mtoa dawa mmoja anapohudumia watu mia, Baraza liseme hadharani kwamba hiyo si huduma, kwa sababu mwajiri hatalisema.

Tarehe 25 Septemba kila mwaka mnaadhimisha Siku ya Wafamasia Duniani. Mnavaa fulana, mnapima watu presha bure viwanjani, nami huja kumleta mama. Safari hii nawaomba kitu kimoja zaidi: saa moja ya siku hiyo, kila mmoja wenu, tangu mjumbe wa Baraza hadi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aende akapange foleni ya dawa mahali asipojulikana, ameshika cheti kama sisi.

Mama yangu na mimi tutakuwa dirishani mwezi ujao, kama kila mwezi. Atakayekuwa zamu siku hiyo, kabla hajamwita anayefuata, tafadhali amwulize: "Bibi, dawa za mwezi uliopita zilikufanyaje?" Kisha asubiri jibu.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Tanga